Misombo Ivukikayo: Istilahi na Moshi wa Tanuri

Asafiriye kwa Reli ya Kati kutoka Kilosa, treni ikifuata bonde la Mto Mkondoa hata Munisagara, hupita nchi ya wachoma mkaa. Na mchoma mkaa hodari, ambaye hana kipimo ila macho na pua, huisoma hali ya magogo aliyoyafukia chini ya nyasi na udongo kwa rangi ya moshi, kwani moshi mweupe mzito ni dalili kwamba mti ungali ukitoa maji, wa manjano wenye kuwasha macho kwamba mti unavunjika kwa moto, na ule mwembamba wa samawati kwamba mkaa umeiva.

Katika moshi huo wa manjano mna methanoli, asidi ya siki, asetoni na benzeni, vitu ambavyo katika lugha ya wanakemia huitwa misombo ogania tete, yaani misombo ya kaboni ambayo, kwa fasili ya Shirika la Afya Duniani, huchemka baina ya nyuzi 50 na 260 za Selsiasi hivi, na kwa hiyo huvukika hata pasipo moto. Istilahi hiyo nina shaka nayo. Mahindi huwa tete, na hali ya mgonjwa huwa tete. Lakini benzeni, iletayo saratani ya damu, si dhaifu hata kidogo, bali hudumu hewani siku kadhaa, na sifa yake ipasayo kutajwa ni wepesi wa kuondoka. Kwa hiyo nastahabu kusema misombo ya kaboni ivukikayo upesi, wala sichelei urefu wake.

Maadamu huondoka upesi, atakaye kuipima sharti ainase kwanza. Pampu ndogo huvuta hewa polepole, tuseme mililita 50 kwa dakika, kupitia mrija wa chuma wa sentimita 9, mnene kama penseli, uliojazwa chembe za Tenax, ambazo huishika misombo na kuiacha hewa ipite. Baada ya dakika 20 imepita lita moja. Ikizidi mno, chembe hushiba na misombo hutokea upande wa pili, ndiyo maana mwenye hadhari huunga mrija wa pili nyuma ya wa kwanza, na huchukua na mwingine usiovutiwa hewa kabisa, ili ajue uchafu wa safari. Methanoli, kwa wepesi wake, Tenax haiwezi kuizuia; hiyo hutekwa kwa mtungi wa chuma uliokwisha kutolewa hewa. Na karibu mno na tanuri hapafai, kwa kuwa lami na unyevu wa moshi huuharibu mrija.

Maabara huupasha mrija moto, gesi ya heliamu ikaisukuma misombo ndani ya neli nyembamba ya mita 30 au zaidi, kila mmoja ukatoka kwa wakati wake na kutambuliwa kwa masi ya vipande vyake. Pua haiwezi kazi hiyo: harufu ya benzeni huanza kusikika kiasi chake kikiwa kimekwisha kukipita mamia ya mara kikomo cha Ulaya cha mikrogramu 5 katika mita ya ujazo, kwa wastani wa mwaka.