Kikombe cha Samunge na dawa zetu za siri



Bibi harusi mmoja ninayemshonea nguo alinitumia ujumbe kabla sijasafiri kwenda Karatu: nimletee mizizi ya Babu wa Loliondo, ni ya mchumba wake, na nisimwambie mtu. Nilicheka, kisha nikakaa kitako, maana mwaka 2011 nilikuwa Karatu hukohuko.

Niliishi kwa shangazi nikijifunza cherehani. Mwezi wa Machi, magari yaliyozoea kupeleka watalii Ngorongoro yakaanza kupakia wagonjwa. Yalishuka Mto wa Mbu, yakakata kwenda Engaruka, yakapita kando ya Ziwa Natron mpaka kijiji cha Samunge, Loliondo, ndani ya wilaya ya Ngorongoro. Huko Ambilikile Mwasapile, mchungaji mstaafu wa Kilutheri, alitoa kikombe kimoja cha dawa kwa shilingi 500. Alisema Mungu amemwonyesha dawa hiyo ndotoni, na haifanyi kazi mpaka itoke mkononi mwake. Kisukari, kansa, UKIMWI, vyote kikombe hichohicho. Foleni ya magari ikawa ya kilomita nyingi. Mwishoni mwa Machi vyombo vya habari viliripoti kuwa watu zaidi ya 50 wamefariki wakisubiri, na mwenyewe akaomba wengine wasije kwanza.

Shangazi hakwenda. Alisema mti ni mti na shifaa ni ya Mwenyezi Mungu, mkono wa mtu hauwezi kuwa sharti.

Na mti wenyewe haukuanza na Babu. Wasonjo wanauita mugariga, Wamaasai olamuriaki. Ni kichaka chenye miiba na matunda meusi matamu ambayo watoto wachungaji huyala. Kiswahili nacho kina jina lake, ila sitaliandika hapa kwa haya. Mwenye somo na amuulize, limetaja kiungo cha mwanamume waziwazi! Mizizi yake imechemshwa miaka mingi kwa maradhi mbalimbali, kisonono kikiwemo. Mwaka 2006 watafiti wa KEMRI, Kenya, na wenzao walichapisha majaribio yaliyoonyesha kuwa dawa ya mizizi hiyo inapambana na virusi vya herpes, wale wanaoleta malengelenge, pamoja na yale ya sehemu za siri. Lakini majaribio hayo yalikuwa ya maabara na panya. Si ya waume zetu.

Kwa hiyo siudharau mti. Ninachokiona ni kwamba dawa ya kienyeji iliyokuwa na kazi zake ikageuzwa kuwa dawa ya kila kitu. Na nadhani kilichowavuta wengi ni haya kuliko muujiza. Samunge hapakuwa na daktari wa kukuhoji wala kadi ya kliniki. Mwenye kisukari na mwenye UKIMWI walikunywa sawasawa. Kwa mtu anayemficha mkewe maradhi, hiyo ni raha kubwa. Serikali iliposema kuwa vipimo vya awali havikuonyesha madhara kwa kipimo kile, watu wakasikia kwamba inaponya. Utafiti uliochapishwa 2014 kuhusu Watanzania wenye virusi vya UKIMWI ulionyesha kuwa waliokwenda Loliondo walilegea kumeza ARV. Nyuma ya kila mmoja wao huenda yupo mke aliyeambiwa "nimepona."

Babu alifariki Julai 2021. Unga na mizizi ya nguvu za kiume bado inauzwa, bara na visiwani, na wanunuzi wengi, kwa ninavyoona mimi, ni sisi wanawake tunaowanunulia waume. Mara nyingi udhaifu huo ni kisukari au presha ambayo haijapimwa. Tena duniani kote dawa nyingi zinazoitwa za asili zimekutwa zimechanganywa kwa siri na sildenafil, ile iliyomo ndani ya Viagra. Kwa anayetumia dawa za moyo za aina ya naitreti, presha inaweza kushuka ghafla hadi akafa.

Nilimjibu bibi harusi wangu kwamba mizizi sileti, mchumba akapime sukari na presha, na wote wawili wapime virusi kabla ya nikaha. Alinyamaza wiki mbili. Jana amekuja na mama yake kupima gauni, mama akiwa kando hatukuweza kuzungumza. Wakati wa kuondoka akaninong'oneza: "Tumeandikiwa Jumatatu."