Bakuli la Ukutani na Chungu cha Jikoni

Wahenga walinena kwamba mfinyanzi hulia gaeni. Methali hii hutajwa kwa mtu akosaye matunda ya kazi yake, lakini katika pwani ya Tanga yafaa pia kuwa muhtasari wa historia ya vyombo vya udongo.

Tongoni, kilomita zipatazo 17 kusini ya mji wa Tanga, yamesimama magofu ya msikiti pamoja na makaburi zaidi ya 40, mengi yao ya karne ya 14 na ya 15. Baadhi yake yalijengewa nguzo za mawe na chokaa, na katika nguzo hizo mafundi waliacha vishimo vya mviringo, wakapachika mabakuli yaliyopakwa rangi ya kung'aa, ambayo majahazi yaliyaleta kutoka ng'ambo. Mabakuli yamekwisha kung'olewa, vishimo vimebaki.

Pambo hili la wafu lilikuwa na nduguye katika nyumba za walio hai. Katika majumba ya mawe ya Lamu na Pate ya karne ya 18, kuta za ndani zilitobolewa vidaka safu juu ya safu, ambavyo wenyeji huviita zidaka, na humo zilipangwa sahani na mabakuli ya Kichina. Havikuwa vyombo vya kulia bali vya kutazamwa, ili mgeni aingiapo ajue daraja ya mwenye nyumba.

Chungu cha nyumbani hakikupewa heshima hiyo. Mfinyanzi, aghalabu mwanamke, aliukanda udongo, akauinua kwa mikono bila ya gurudumu, akausawazisha, akauchora shingoni ungali mbichi, akaukausha, kisha akauchoma kwa kuni mahali pa wazi. Kazi hiyo yote ikaishia mafigani, ikapakwa masizi.

Wataalamu nao walifuata macho ya mwenye nyumba. Mortimer Wheeler alipozuru pwani ya Tanganyika mwaka 1955 alistaajabia wingi wa vigae vya Kichina. Vigae hivyo vilikuwa na manufaa makubwa, maana tarehe za kutengenezwa kwake zajulikana. Lakini kutazama sana vitu vya kigeni kulitia nguvu dhana kwamba miji ya pwani ilianzishwa na wageni.

Chungu ndicho kilichoipinga dhana hiyo. Mwaka 1967 Robert Soper alieleza ufinyanzi wa kale wa Kwale, ambao mifano yake imeonekana pia Usambara na Upare. Katika miaka ya 1980 Mark Horton alichimba Shanga, katika kisiwa cha Pate, na katika tabaka za chini kabisa, za karne ya 8, vyombo vya wenyeji vilivyochorwa pembetatu vilizidi mno vile vya kigeni. Katika miaka ya 1990 Felix Chami aliufuata ufinyanzi huo wa pembetatu katika pwani ya Tanzania, akaonyesha kuwa ulitokana na ule wa wakulima waliotangulia.

Bakuli la kigeni halistahili kudharauliwa kwa sababu hiyo. Aliyelichagua na kulipachika nguzoni alikuwa mtu wa pwani, na uteuzi wake ni sanaa pia. Lakini bakuli laeleza nani alifanya biashara na nani. Chungu chaeleza nani alikuwa nyumbani. Mfinyanzi alilia gaeni, na kigae kile kile ndicho kilichomtolea ushahidi.