Maji ya robine na samaki wa nyumbani: namna ya kujua kama yanawafaa

Maji yanayomkinga mutu na kolera yanaweza kuua samaki kwa usiku mumoja. Hilo ndilo jambo la kwanza la kujua kwa kila mkaaji wa Niemba, Kalemie ao kwengineko anayefuga samaki mu sanduku la kioo (akwariumu), mu basini ao mu kiziwa kidogo cha uwanjani.

Shida iko wapi?

REGIDESO inatia klore mu maji kabla hayajafika ku robine. Wakati wa kolera, watumishi wa afya nao wanatia klore mu bidoni za watu pale wanapoteka maji. Kipimo cha kawaida cha klore inayobaki mu maji ya kunywa ni miligramu 0.2 mpaka 0.5 kwa litre moja. Kwa mutu hakuna ubaya. Lakini samaki anapumua ndani ya maji yenyewe, na klore inaunguza matamvua yake, ni kusema ile nyama nyekundu ya kupumulia iliyo chini ya mashavu. Hata chini ya miligramu 0.1 kwa litre inaweza kumuumiza.

Namna ya kupima

Pua inasaidia, lakini haitoshi. Maji yakinuka klore, usiyatumie kwa samaki. Yasiponuka, bado yanaweza kuwa nayo kidogo. Kipimo kizuri ni kile kidonge wanachotumia watu wa afya: kinatiwa mu maji kidogo, na maji yakigeuka rangi ya waridi, klore ingaliko.

Kama hauna kidonge, fanya hivi:

1. Tia maji mu basini pana, bila kifuniko, yakae saa 24 ao zaidi. Kuyakoroga ao kuyamwaga toka ndoo moja mpaka ingine kunaharakisha klore kutoka. Bidoni iliyofungwa haisaidii.
2. Tia samaki wawili ao watatu tu, wadogo, uwaangalie siku nzima kabla ya kuleta wengine.
3. Wakipanda juu kuhema, wakikimbia ovyo ao wakilala upande, watoe haraka, uwahamishe mu maji yao ya zamani.
4. Ukibadilisha maji, badilisha robo tu kwa mara moja, na joto lifanane na la maji yaliyomo.

Kuna viwanda vya maji, zaidi sana inchi za ngambo, vinavyotumia kloramini pahali pa klore. Hiyo haitoki kwa kuacha maji yakae. Inahitaji dawa ya kuiondoa.

Maji yasiyo na klore nayo yana mambo yake

Maji ya forage mara nyingi yanatoka chini ya udongo na hewa kidogo sana. Samaki atahema juu sawa vile ametiwa klore. Dawa yake ni kuyamwagamwaga toka ndoo mpaka ndoo. Maji ya mvua yaliyopita ku mabati mapya yanaweza kubeba zinki, na zinki inaua samaki.

Samaki wa ziwa Tanganyika naye amezoea maji yake: ni mazito kwa madini, na pH yake inakaribia 9. Ndiyo maana watu wa Ulaya na Marekani wanaofuga samaki wa ziwa letu wanatia chumvi za pekee mu maji ya robine zao. Ukimtoa ziwani kwa bidoni, usimmwage mara moja mu maji ya mvua ao ya mto. Ongeza maji mapya kidogo kidogo kwa muda wa saa moja ao mbili. Tilapia, yeye, anavumilia zaidi.

Mama na baba wa nyumba, sikilizeni hili

Samaki kuishi mu maji si alama ya kwamba yanafaa kunywa. Mdudu wa kolera haui samaki, lakini anaua mutoto. Basi, usikatae klore ku bidoni ya jikoni juu ya samaki. Tenga vyombo viwili: kimoja cha kunywa, chenye klore na kifuniko, kingine cha samaki, wazi, chenye alama ambayo hata mutoto anaijua. Na maji yaliyokaa wazi siku nzima yasirudi tena mu kikombe.