Mshahara, Sauti na Azimio la Musoma: Mtumishi wa Chuo Anataka Nini?

Desemba iliyopita nilikuwa nyumbani Manyamanyama, pembezoni mwa mji wa Bunda. Jioni moja nilikwenda kumsalimia jirani yetu, mkufunzi mstaafu aliyefundisha katika vyuo vya ualimu kwa zaidi ya miaka thelathini. Baada ya shikamoo na marahaba nikamuuliza kama kikokotoo cha pensheni kimemtendea haki. Nilitarajia lalamiko refu. Akatabasamu, akasema: "Mwanangu, kikokotoo kimenipunja, sikatai. Lakini kinachoniuma mpaka leo ni kwamba katika miaka yote ile hakuna mkuu wa chuo aliyewahi kuniita akaniuliza, wewe unayelifundisha somo hili, unaonaje?"

Nimekuwa nikiitafakari kauli hiyo tangu siku ile, kwa sababu inakwenda kinyume na namna tulivyozoea kulizungumzia suala la kuridhika kwa watumishi wa vyuo. Wakubwa wetu wanapotaka kujua kama wafanyakazi wameridhika, hugawa dodoso. Mtumishi hutakiwa kupanga kwa namba: mshahara, nyumba, bima ya afya, mikopo, mafunzo. Majibu hukusanywa, mshahara huibuka wa kwanza, na hitimisho huwa limeandaliwa tangu awali: wahadhiri wanataka fedha, na fedha hakuna. Historia ya vyuo vyetu inatoa jibu tofauti kidogo, na sehemu kubwa ya historia hiyo, ukiifuata kwa makini, inapita katika mkoa wetu wa Mara.

Tuanze na mtoto wa Butiama. Tarehe 22 Oktoba 1966 wanafunzi wa Chuo Kikuu, Dar es Salaam, waliandamana hadi Ikulu wakiwa wamevaa majoho yao mekundu. Walikuwa wakipinga utaratibu mpya wa Jeshi la Kujenga Taifa, ambao ungewataka watumike kwa miaka miwili, na kwa miezi kumi na minane kati ya hiyo wapokee asilimia 40 tu ya mshahara ambao wangestahili. Baadhi ya mabango yao yalidai kwamba hali ilikuwa bora wakati wa ukoloni. Mwalimu Nyerere aliwasikiliza, kisha akawaka. Aliwatajia mshahara wake mwenyewe, shilingi 5,000 kwa mwezi, akaupiga hesabu mbele yao: mtu anayepata shilingi 200 kwa mwezi angehitaji kufanya kazi miezi ishirini na mitano ili apate kile ambacho Rais anakipata kwa mwezi mmoja. Akatangaza palepale kwamba anaukata mshahara wake kwa asilimia 20. Mishahara ya mawaziri na maofisa wa juu ikafuata. Na wanafunzi karibu 400 wakafukuzwa chuoni, ingawa wengi wao walirejeshwa mwaka uliofuata.

Siku hiyo husimuliwa mara nyingi kama utangulizi wa Azimio la Arusha la Februari 1967, na ni kweli. Mimi huisoma pia kama siku ambayo msomi wa Tanzania aliambiwa kwa mara ya kwanza, hadharani, kwamba kudai maslahi yake ni jambo la aibu. Katika hoja ya mshahara Mwalimu alikuwa na haki. Nchi ya wakulima isingeweza kuendelea kubeba ngazi za mishahara iliyoachiwa na wakoloni, na kiongozi anayeanza kukata kwake mwenyewe ana mamlaka ya kimaadili ambayo wengi waliomfuata hawakuwa nayo. Lakini pamoja na mshahara ilikatwa pia sauti. Waliofukuzwa hawakupewa nafasi ya kujieleza mbele ya chombo chochote cha chuo. Mambo haya mawili yalichanganywa siku ile, na tumeendelea kuyachanganya hadi leo.

Miaka mitano baadaye TANU yenyewe ilijaribu kuyatenganisha. Mwongozo wa Februari 1971, hasa kifungu cha 15, uliwakataza viongozi kuwa na majivuno, ubadhirifu, dharau na uonevu. Kilichotokea viwandani baada ya hapo ni moja ya kurasa muhimu kuliko zote katika historia ya kazi nchini mwetu, na ni ajabu kwamba wanafunzi wangu wengi hufika mwaka wa tatu bila kuisikia. Wafanyakazi waligoma na kufunga mashine, na katika baadhi ya viwanda waliwafungia nje mameneja wao. Mwaka 1973 wale wa Mount Carmel Rubber, Dar es Salaam, walikiteka kiwanda na kukiendesha wenyewe. Issa Shivji na Paschal Mihyo, waliochunguza migogoro hiyo wakati moto wake haujapoa, walionyesha jambo ambalo wataalamu wa utumishi wangepaswa kulibandika ukutani: sehemu kubwa ya migogoro hiyo haikuhusu nyongeza ya mshahara. Ilihusu matusi, unyapara, upendeleo, na meneja anayemwita mtu mzima kama anaita mtoto. Mfanyakazi wa kiwanda cha mpira na mkufunzi wangu wa Manyamanyama walikuwa wakisema neno moja.

Mwaka huohuo wa 1971 moshi ulifuka Mlimani pia. Chuo kilikuwa kimefanywa chuo kikuu cha taifa Julai 1970, na makamu mkuu wake wa kwanza, Pius Msekwa, alikuwa ametoka moja kwa moja katika ukatibu mtendaji wa TANU. Julai 1971 kiongozi wa wanafunzi, Symonds Akivaga, Mkenya, alitofautiana na utawala na kuondolewa chuoni kwa nguvu za polisi. Hoja yake ya msingi ilikuwa ileile ya Mwongozo, kwamba wanaoguswa na uamuzi washirikishwe katika kuufanya.

Ndipo tunapofika Musoma. Novemba 1974 Halmashauri Kuu ya Taifa ya TANU ilikutana katika mji huo na kutoa maamuzi mawili makubwa ya elimu. La kwanza linakumbukwa kwa fahari, na linastahili: elimu ya msingi kwa watoto wote ifikiwe ifikapo Novemba 1977, badala ya kusubiri hadi 1989 kama ilivyokuwa imepangwa. La pili limesahaulika kidogo. Mhitimu wa kidato cha sita asingeingia tena chuo kikuu moja kwa moja. Angekwenda Jeshi la Kujenga Taifa, kisha afanye kazi kwa muda, na hatimaye aombe nafasi akiwa na pendekezo la mwajiri na la tawi la chama.

Uamuzi huo ulikuwa na mantiki nzuri. Darasa la watu waliokwisha kufanya kazi ni darasa tamu. Waliofundisha miaka ile husema wanafunzi walikuwa wakimbishia mhadhiri kwa mifano ya ofisini na shambani. Lakini chukua nafasi ya mhadhiri mwenyewe. Nani aingie darasani kwake, kwa sifa zipi, halikuwa tena jambo ambalo yeye au idara yake wangelitolea neno. Lilikuwa limeshaamuliwa Musoma, na kutekelezwa na meneja wa kiwanda na katibu wa tawi. Idadi ya wanafunzi wa kike ikashuka kiasi kwamba baada ya miaka michache wasichana waliondolewa sharti la kufanya kazi kwanza. Mtu aliyekuwa akikaa na wanafunzi hao kila siku angeweza kulitabiri hilo kabla halijatokea, kama angeulizwa.

Mfanyakazi wa chuo angelalamika wapi? Baada ya maasi ya jeshi ya Januari 1964, vyama huru vya wafanyakazi vilikuwa vimevunjwa na mahali pake kuundwa NUTA, ambayo katibu mkuu wake alikuwa pia Waziri wa Kazi. NUTA ikawa JUWATA, jumuiya ya chama tawala. Wahadhiri wakajikusanya katika mabaraza ya wanataaluma, UDASA likiwa maarufu zaidi, ambayo hayakuwa vyama vya wafanyakazi kisheria lakini ndiyo yaliyobeba mjadala.

Miaka ya 1980 haihitaji maelezo marefu kwa aliyeiishi. Thamani halisi ya mshahara iliporomoka hadi kubaki sehemu ndogo ya ilivyokuwa mwanzoni mwa miaka ya sabini. Shilingi, iliyokuwa takriban 17 kwa dola mwanzoni mwa 1986, ilikaribia 200 mwaka 1990. Maprofesa walifuga kuku na nguruwe nyuma ya nyumba za chuo, wengine wakaendesha teksi. Wengi walikwenda Botswana, Lesotho na Swaziland na hawakurudi. Sitaki hoja yangu ieleweke vibaya hapa: kuna kiwango cha mshahara ambacho chini yake mazungumzo ya heshima na ushirikishwaji ni kejeli. Mwanasaikolojia wa Marekani, Frederick Herzberg, akiwahoji wahandisi na wahasibu wapatao 200 katika utafiti uliochapishwa mwaka 1959, alihitimisha kwamba ukosefu wa mshahara wa kutosha humchukiza mtu kazi, ila kuwepo kwake peke yake hakumfanyi aipende. Kinachomfanya aipende ni kazi yenyewe, kutambuliwa na kukabidhiwa jukumu. Hakuwahi kufika Mlimani wakati wa ufugaji wa kuku, lakini sehemu ya kwanza ya hitimisho lake ilithibitishwa pale kikamilifu.

Jambo la kushangaza ni kile ambacho wahadhiri hao, wakiwa katika ufukara huo, waliamua kukiandika. Tarehe 19 Aprili 1990 mabaraza ya wanataaluma wa taasisi za elimu ya juu yalipitisha Azimio la Dar es Salaam kuhusu uhuru wa taaluma na wajibu wa wanataaluma kwa jamii. Watu ambao mishahara yao haikufika katikati ya mwezi walikaa na kuandika waraka ambao moyo wake ni uhuru wa kufundisha na kutafiti, usalama wa ajira dhidi ya kufukuzwa kiholela, mamlaka ya taasisi kujiendesha, na ushiriki katika uongozi wake. Ujira wa haki umo, umewekwa kama sharti la utu na uhuru wa mwanataaluma. Na hawakujisahau: waliandika pia wajibu wao kwa umma. Mwezi uliofuata Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilifungwa kutokana na mgogoro kati ya wanafunzi na serikali. Novemba mwaka huohuo wasomi wa Afrika walikutana Kampala wakatoa azimio lao, linalofanana sana na lile la Dar.

Majirani walipita njia zao. Kenya ilikipiga marufuku chama cha wahadhiri mwaka 1980. Jaribio la kukisajili upya liliambatana na mgomo mrefu ulioanza mwishoni mwa 1993, ambao baadhi ya viongozi wake walipoteza ajira, na usajili haukupatikana hadi 2003. Makerere walichagua soko: wanafunzi wa kulipa, madarasa ya jioni, kila kitivo na kipato chake. Mapato ya wahadhiri yalipanda. Mahmood Mamdani, katika kitabu chake cha 2007 kuhusu mageuzi hayo, alieleza gharama yake: vitivo vikagombania wanafunzi, na utafiti ukakosa muda. Ukimuuliza mhadhiri wa namna hiyo kwa dodoso kama ameridhika na kipato, huenda atasema ndiyo. Muulize mara ya mwisho alisoma kitabu kizima lini.

Kwetu, zama za karibuni zimeurudisha mshahara katikati ya meza. Kati ya 2016 na 2022 kima cha chini cha mshahara wa serikali hakikupanda. Kikaja kupanda kwa asilimia 23.3, na mwaka 2025 ikatangazwa nyongeza ya asilimia 35.1, kutoka shilingi 370,000 hadi 500,000. Kuhusu kikokotoo, kanuni za 2018 zilishusha malipo ya mkupuo hadi asilimia 25 kwa waliokuwa wakipata 50. Kelele zilikuwa kubwa, na Desemba 2018 Rais Magufuli akazisimamisha. Julai 2022 ikaja asilimia 33, na bajeti ya 2024/25 ikaipandisha hadi 40 kwa kundi hilo. Angalia mfululizo huo: 50, 25, 50, 33, 40. Kwa aliyekuwa akikaribia kustaafu, namba zilikuwa jeraha moja, na kutojua mwakani zitakuwa ngapi lilikuwa jeraha la pili. Leo tunavyo vyama halali, THTU na RAAWU, na sheria ya 2004 inavipa haki ya kujadiliana na mwajiri. Lakini nani katika idara yako aliyeiona rasimu ya kanuni za 2018 kabla hazijatangazwa?

Nasi wahadhiri tuna deni. Katika maandiko yetu yote kuhusu uhuru wa taaluma, neno "wanajumuiya" mara nyingi limeishia mlangoni mwa chumba cha mihadhara. Mageuzi ya miaka ya tisini na baada yake yalikabidhi usafi, chakula na ulinzi wa vyuo vingi kwa wakandarasi binafsi. Mama anayefagia ofisi yangu saa kumi na mbili asubuhi si mtumishi wa chuo kwa mujibu wa karatasi; hana kiti katika baraza lolote, na dodoso la kuridhika kwa watumishi halimfikii. Nimehudhuria vikao vingi vya wanataaluma, na sikumbuki kimoja tulichojadili mkataba wake. Mimi mwenyewe sijawahi kuinua mkono kupendekeza.

Leo Butiama kuna chuo kikuu cha umma chenye jina la Mwalimu, cha kilimo na teknolojia. Chuo kikiwa kichanga, mazoea yake bado ni laini kama udongo wa mfinyanzi: nani anaitwa anapoandaliwa mtaala, nani anaona bajeti ya idara kabla haijapitishwa, fundi wa maabara anasemaje kuhusu vifaa vinavyonunuliwa. Nilimwambia hivyo mkufunzi wangu. Akaniuliza kama walimu wa huko wameshafanywa hata mara moja kikao ambacho mkuu wa chuo alikuja na kalamu na karatasi, akakaa, akasikiliza. Nikamjibu kwamba nitauliza. Akaagiza chai nyingine, tukahamia kwenye habari za mvua.