Koko ana miaka ngapi? Buku ya kuzaliwa na wazee wa Okinawa



Mwaka jana nilipeleka koko yangu kwenye kituo cha afya, juu magoti ilikuwa inamuuma sana. Muganga akauliza: "Huyu mama ana miaka ngapi?" Baba mdogo akasema 75. Shangazi akasema 83. Koko mwenyewe akacheka tu. Muganga akaandika 79, akaendelea na kazi. Mimi nikabaki na ile swali, na ikanipeleka mbali, mpaka Japani.

Japani ni moja ya nchi zenye wazee wengi kupita zote duniani. Mwaka 1963, serikali yao ilipoanza kuhesabu watu wenye miaka 100 na zaidi, ilipata 153. Mwaka 2022 walikuwa wamepita 90,000. Leo hivi, karibu watu 3 kwa kila 10 wana miaka 65 na zaidi. Nchi ya namna hiyo inalazimika kuuliza: mtu atafanya nini ili azeeke akiwa bado na nguvu ya kutembea, kulima na kujipikia?

Mwaka 1975 daktari wa moyo, Makoto Suzuki, alianza kutafuta jibu kule Okinawa, visiwa vya kusini ambavyo Marekani iliikabidhi Japani mwaka 1972. Alikuta wazee waliopita miaka 100, na wengine kati yao walikuwa bado wanalima bustani. Akaanza kuwafuata: kuwapima damu na moyo, kuandika wanakula nini na wanaishi namna gani. Baadaye ndugu wawili, Bradley na Craig Willcox, wakajiunga naye. Wazee waliochunguzwa walipita 900.

Mimi nilisoma kilimo, kwa hiyo niliangalia kwanza sahani. Karibu na mwaka 1949, zaidi ya nusu ya nguvu yote watu wa Okinawa walipata kwa chakula ilitoka kwa kiazi kitamu. Ndiyo, kijumbu yetu! Kilifika kule mwaka 1605, Noguni Sokan alikitoa China. Tufani ikipita, inalaza mpunga chini, lakini kiazi kinabaki salama ndani ya udongo. Njo maana maskini walikishika. Hawakukila juu ya kutafuta miaka 100. Walikila juu hawakuwa na kingine. Juu yake waliongeza mboga mingi, soya, na samaki kidogo.

Lakini kuna swali moja mbele ya ile ya sahani. Suzuki alijuaje kama mzee ana miaka 100 kweli? Japani iko na buku ya familia, inaitwa koseki, na ile ya leo ilianza karne ya 19. Mtu akizaliwa, akiolewa, akifa, inaandikwa. Bila buku hiyo, utafiti wote ungekuwa masimulizi ya jioni tu.

Na buku yenyewe iliteseka. Vita ya Okinawa ya mwaka 1945 iliunguza sehemu kubwa ya koseki za kule, ikabidi ziandikwe upya kisha vita. Njo maana mpaka leo kuna wataalamu wanaotilia mashaka hesabu ya wazee wa Okinawa, na wengine wanaoitetea kwa kulinganisha karatasi na habari za familia. Kiisha mwaka 2010 serikali ilikuta ndani ya koseki watu zaidi ya 230,000 wenye miaka 100 na zaidi ambao hawajulikani wako wapi. Wengi walikuwa wamekufa zamani, na hakuna aliyewafuta. Kwa hiyo hata buku nzuri inaomba mtu wa kuitunza.

Pamoja na hayo, hesabu ilifichua jambo ambalo macho hayangeona. Mwaka 1995 wanaume wa Okinawa walikuwa wa 4 kwa urefu wa maisha kati ya mikoa 47 ya Japani. Mwaka 2000 walianguka mpaka nafasi ya 26. Kisiwa ni kile kile, familia ni zile zile, wazee bado wanaishi. Benye walikuwa wanakufa mbele ya wakati ni watoto wao, waliokulia kwenye nyama ya mikebe, mafuta mingi na gari. Kumbe siri haikuwa ndani ya damu peke yake.

Turudi kwetu. Sensa ya mwisho ya Congo ilifanyika mwaka 1984, wengi wetu hatujazaliwa. Tunapenda kusema "zamani wazee waliishi sana", lakini tukiulizwa miaka ngapi, tunakuwa kama muganga yule: tunachagua namba ya katikati.

Kwa hiyo nilikaa na koko, kalamu mkononi. "Uhuru ilikukuta wapi?" Akajibu: "Ilikuta nimeolewa tu, sina mtoto." "Na wakati ya Schramme alishika Bukavu?" "Tulikimbia, nabeba baba yako mgongoni, mkubwa wake anatembea na miguu." Uhuru ni 1960, Schramme ni 1967. Anasema aliolewa kisha mavuno kama kumi na saba hivi. Basi alizaliwa karibu na 1943. Shangazi alimshinda muganga.

Niliandika yote ndani ya kaye, na chini yake nikaandika chakula chake cha utoto: kijumbu, matembele, maharagi, sombe. Siyo utafiti ya Suzuki, lakini ni ukurasa wa kwanza.

Wewe unayesoma, wikendi hii uliza mzee wako mambo mawili: Uhuru ilimkuta wapi, na alikuwa anakula nini. Na kama kwenu kuna mtoto mchanga, sheria inatupa siku 90 kumwandikisha eta-sivili. Usingoje. Miaka 80 kutoka leo, muganga atauliza tena ile swali.