Kijiti cha Wanne

Pale Ikonge, kwenye banda la chai lililo karibu na steji, ubishi huanza na Shabana. Ndizi zimeshapakiwa, majani chai yameshapimwa, vijana wa bodaboda wamegeuza pikipiki zikatazama barabara, na mmoja wao hutaja tu jina la Henry Motego ili aone nani atasimama kwanza. Tangu timu ile irudi Ligi Kuu mwaka 2023, baada ya miaka 17 ya kuhangaika madaraja ya chini, kikosi cha Shabana cha nyakati zote kimepangwa na kupanguliwa pale mara nisizoweza kuhesabu. Motego hana mpinzani mbele. Mike Okoth Origi naye hupita bila kura: alivaa jezi ya Shabana kabla ya Ubelgiji, akatwaa ubingwa na Genk mwaka 1999, kisha akamzaa Divock, yule aliyeifungia Liverpool bao la pili katika fainali ya Madrid mwaka 2019.

Jioni niliyoketi mimi, mzee mmoja, ambaye vijana walimwita omogaka na kumsogezea benchi, aliwaambia mpira umewalevya. Watu kumi na mmoja kila mtu atawataja, alisema. Yeye alitaka wanne tu. Timu ya kupokezana vijiti ya Gusii, yaani nchi ya Wakisii, wanaume kwa wanawake, bila kujali mtu alikimbia mita mia nne au alikimbia marathoni. Kalamu ikatoka kwenye mfuko wa shati, na karatasi ikawa upande wa nyuma wa risiti ya mbolea.

Ilionekana kazi ya dakika tano.

Siku hizi ukitaja riadha Kenya, macho yote yanatazama Iten na Eldoret. Lakini mwanzoni mwa miaka ya 1950, wakati ofisa wa michezo wa serikali ya kikoloni, Archie Evans, alipokuwa akikusanya timu ya kwanza ya kuvuka bahari, mtu wa kumtafuta alitoka Kisii. Jina lake Nyandika Maiyoro. Mwaka 1953 alipelekwa Madagaska kwenye mashindano ya visiwa na nchi za Bahari ya Hindi, kukimbia mita 3,000. Bastola ililia Nyandika akiwa hajajiweka tayari. Wenzake walikuwa wameshakata kipande kizima cha uwanja ndipo alipotoka mbio. Akawafikia mmoja mmoja, akawapita, akashinda.

Mwaka uliofuata alikuwa Vancouver kwenye michezo iliyoitwa wakati huo ya Dola na Jumuiya ya Madola, akamaliza wa nne katika maili tatu, nyuma ya Waingereza watatu wakiongozwa na Chris Chataway. Mwaka 1956 Kenya ilipeleka timu Olimpiki kwa mara ya kwanza, huko Melbourne, na Nyandika akawa wa saba katika mita 5,000. Rome, 1960, akawa wa sita kwa dakika 13 na sekunde 52.8. Medali hata moja ya Olimpiki hakuleta. Hapo ndipo kijana mmoja pale bandani alipomkata: wa sita na wa saba anaingiaje timu ya wakubwa?

Swali la haki. Arere Anentia, Mkisii mwenzake, alimtangulia kwa medali: shaba ya maili sita ya Jumuiya ya Madola huko Cardiff mwaka 1958. Ukihesabu vyuma, Arere anapita na Nyandika anabaki nje. Mimi naona hesabu ya namna hiyo inamfaa mnunuzi wa vyuma chakavu. Nyandika alikimbia wakati hakuna aliyemwambia Mwafrika wa nyanda hizi kwamba anaweza kushindana na Mzungu uwanjani, na alikimbia bila mtu wa kumwiga. Nikaomba aandikwe. Mzee akaandika, lakini kwa penseli.

Naftali Temu aliandikwa kwa kalamu. Hapo hapakuwa na kelele, kwa kuwa Temu ni mtu wa huku huku Nyamira. Mwaka 1966 kwenye michezo ya Jumuiya ya Madola huko Kingston, Jamaika, alimshinda Ron Clarke wa Australia katika maili sita, na wakati huo Clarke ndiye aliyekuwa akishikilia rekodi za dunia kama mtu anayemiliki duka. Halafu ikaja Mexico City, tarehe 13 Oktoba 1968, mita 10,000, mji ulio zaidi ya mita 2,200 juu ya usawa wa bahari. Kipchoge Keino alikuwemo, akatoka njiani kwa maumivu ya nyongo. Clarke alifika wa sita akaanguka, akawekewa oksijeni. Mzunguko wa mwisho wakabaki wawili wa kweli, Temu na Mamo Wolde wa Ethiopia. Wolde akachomoka. Temu akamfuata, akamkaribia, na katika mita za mwisho kabla ya utepe akampita: 29:27.4 dhidi ya 29:28.0. Sekunde isiyofika moja, baada ya kuzunguka uwanja mara 25.

Hiyo ndiyo dhahabu ya kwanza ya Kenya katika Olimpiki. Dhahabu ya Keino ya mita 1,500 ilikuja wiki moja baadaye, nayo ndiyo iliyoshika vichwa vya watu, hata leo utamkuta mwalimu mzima akisema Keino alikuwa wa kwanza. Temu, askari wa jeshi, aliongeza shaba ya mita 5,000 siku nne baada ya ushindi wake, kisha akakimbia na marathoni katika michezo ileile. Alifariki mwaka 2003.

Nafasi mbili zikabaki, na risiti ikaanza kuchafuka.

Maana hapo ndipo walipoingia watu wa Munich. Tarehe 10 Septemba 1972 Kenya ilishinda mita 400 kwa wanne kupokezana, dakika 2 na sekunde 59.8. Kati ya wanne wale, watatu walikuwa Abagusii: Charles Asati, Hezekiah Nyamau na Robert Ouko, mzaliwa wa Manga. Wa mwisho alikuwa Julius Sang, Mnandi, aliyepokea kijiti Mjerumani Karl Honz akiwa mbele, akamwacha Honz aishiwe na pumzi, akamaliza. Wapo wanaosema Wamarekani hawakuwepo. Kweli, hawakuwepo, wawili walifungiwa kwa utovu wa adabu jukwaani na mwingine aliumia. Lakini Asati na Nyamau walikuwa wamewakimbiza Wamarekani haohao Mexico miaka minne nyuma na kurudi na fedha. Asati alikuwa bingwa wa mita 400 wa Jumuiya ya Madola mara mbili, Edinburgh 1970 na Christchurch 1974. Ouko alishinda mita 800 huko Edinburgh, kisha yeye na Sang wakasoma katika Chuo Kikuu cha North Carolina Central, Marekani, chini ya kocha LeRoy Walker.

Njia hiyo ya chuo ndiyo aliyopita Yobes Ondieki, aliyesoma Iowa State. Kwangu Ondieki ndiye mtu mgumu kuliko wote. Tokyo, 1991, fainali ya mita 5,000 ya dunia, joto la kukausha koo: wakati wenzake wanatazamana, yeye alichomoka mapema mno, akabaki peke yake mbele hadi mwisho, 13:14.45. Tarehe 10 Julai 1993, Oslo, akawa binadamu wa kwanza kukimbia mita 10,000 chini ya dakika 27: 26:58.38. Rekodi aliyoivunja, ya Richard Chelimo, ilikuwa na umri wa siku tano. Olimpiki hakupata kitu, na kijana yule wa medali akalikumbusha jambo hilo kwa furaha nisiyoipenda.

Mama muuza ndizi alikuwa amenyamaza muda wote, akifunga leso yake. Akauliza, nyinyi wanaume, Obiri mmemweka wapi?

Hellen Obiri, mzaliwa wa Nyangusu, ana ubingwa wa dunia wa mita 5,000 mara mbili, London 2017 na Doha 2019, fedha mbili za Olimpiki, ubingwa wa dunia wa mbio za nyika, na alipohamia barabarani akachukua Boston 2023, New York mwaka uleule, Boston tena 2024, na shaba ya marathoni huko Paris. Hakuna mwanamume kwenye karatasi ile mwenye orodha kama hiyo. Na nyuma yake anasukuma Mary Moraa, aliyeshinda mita 800 za Jumuiya ya Madola Birmingham 2022 kwa namna ya kutia wazimu: aliongoza, akarudi karibu na mkia, watu wakamwomboleza, akarudi tena mbele na kumaliza wa kwanza. Mwaka 2023 huko Budapest akawa bingwa wa dunia. Moraa bado kijana, nikasema, atasubiri. Mama hakunijibu.

Timu yangu ikawa hivi: Nyandika aanze, ampe Temu, Temu ampe Ondieki, Obiri amalize. Niliisoma kwa sauti, na kabla sijamaliza mtu mmoja akacheka. Nilikuwa nimepanga timu ya kupokezana vijiti ya Gusii nikawaacha nje Abagusii watatu waliowahi kushinda dhahabu ya Olimpiki kwa kupokezana vijiti. Tena hakuna hata mmoja katika wanne wangu anayejulikana kwa mita 400.

Sikuwa na la kujitetea. Mzee alichukua risiti, akaishikilia mbali na macho ili asome, akagonga jina la kwanza kwa kucha.

“Huyu umempa aanze,” alisema. “Na bastola ikilia tena hajawa tayari?”