Nasaba ya Maneno ya Ufundi: Kutoka Jahazini Hadi Karakana za Kigali

Apitaye katika Gakiriro ya Gisozi, soko la maseremala na mafundi wa vyuma katika mji wa Kigali, kisha akateremka hadi Gatsata, ambako kwa miaka mingi magari yamekuwa yakifunguliwa na kufungwa upya, husikia lugha tatu au nne zikishirikiana katika kazi moja. Fundi huomba msumari kwa neno ambalo Kinyarwanda kilipewa na Kiswahili, na Kiswahili kilipewa na Kiarabu. Hutengeneza breki akiiita feri, neno la Kifaransa lililokwisha kuzoea matamshi ya hapa. Na akipima betri hutaja volti, jina lililotokana na Alessandro Volta, mtaalamu wa Italia aliyefariki mwaka 1827. Si yeye wala mwanafunzi wake aonaye ajabu, maana kazi inakwenda. Lakini maneno hayo, kama watu, yana nasaba, na nasaba yao ina mafunzo kwa nchi ambayo katika karne ya kumi na tisa ilikuwa bado haijazoea kusikia Kiswahili kikisemwa uani mwake, na mwaka 2017 bunge lake lilikipitisha kuwa mojawapo ya lugha zake rasmi.

Istilahi za elimu na ufundi, popote duniani, huzaliwa kwa njia mbili. Ama hutungwa na maulamaa waketio na vitabu vyao, wakachagua jina kwa mashauri na hoja. Ama huchipuka vinywani mwa watendao kazi, ambao hawana nafasi ya kushauriana kwa kuwa chombo kiko mikononi na lazima kiitwe jina leo. Lugha iliyostawi ni ile iliyoziheshimu njia zote mbili, na iliyoidharau ya pili aghalabu imejikuta na makamusi mazuri yasiyosemwa na mtu.

Tutazame kwanza Uingereza ya karne ya kumi na tisa, kwa sababu maneno mengi yaliyotufikia baadaye yalifuliwa huko. Mwaka 1834 Michael Faraday, mwana wa mhunzi ambaye hakupata kusoma chuo kikuu, alikuwa akichunguza namna umeme unavyochangua vitu vilivyoyeyushwa, akaona kwamba maneno ya zama zake yalidai kujua umeme unakotoka na unakokwenda, ilhali yeye mwenyewe hakuwa na yakini. Alimwandikia William Whewell, mwanachuoni wa Cambridge, naye akachota katika Kiyunani maneno anodi, kathodi na ioni, ambayo hata leo kila mwanafunzi wa kemia huyasoma. Whewell huyo huyo ndiye aliyependekeza, mwaka 1833, jina la Kiingereza la kumwita mwanasayansi, kwa kuwa lugha hiyo tajiri ilikuwa haijapata neno moja la kuwakusanya wafuasi wa elimu zote za maumbile. Mwaka 1842 Richard Owen aliwapa wanyama wa kale jina la dinosaria, nalo pia alilikopa kwa Wayunani. Na mwaka 1881 wataalamu wa mataifa mengi walikutana Paris wakakubaliana kwamba vipimo vya umeme viitwe kwa majina ya waliouchunguza, ikawa volti, ampea na omu.

Hiyo ni njia ya maulamaa. Lakini katika zama hizo hizo, na katika nchi hiyo hiyo, reli ilijengwa na kuenea baada ya mwaka 1830 bila ya kumsubiri mwanachuoni yeyote kuitafutia majina. Wafanyakazi wake waliazima maneno ya magari ya farasi na ya migodi ya makaa: behewa la abiria likabaki na jina la gari lililovutwa na farasi, na mlinzi wa safari akarithi cheo cha mlinzi wa gari la barua. Chombo kilikuwa kipya, jina lilikuwa la zamani, na hapakuwa na aliyepotea njia kwa sababu hiyo.

Watu wa pwani ya Afrika ya Mashariki walikuwa wamekwisha kufanya vivyo hivyo tangu dahari. Chombo chao kikuu kilikuwa jahazi, na jahazi ndilo lililowafunza Waswahili istilahi za mitambo kabla ya mtambo wowote wa moto kufika. Usukani, ambao leo dereva huushika garini, ulikuwa usukani wa chombo, na asili yake ni Kiarabu. Rubani, ambaye sasa hurusha ndege, alikuwa yule ajuaye njia za maji. Darubini ya nahodha ilitoka kwa Waajemi, na parafujo ilikuja na Wareno. Hakuna baraza lililokaa kuamua kwamba gari liwe na usukani. Waliokuwa wanajua kuongoza chombo baharini walipokiona chombo cha barabarani walitambua kazi iliyo moja, wakalihamisha neno pamoja na maana yake.

Katika nusu ya pili ya karne hiyo ya kumi na tisa mambo mapya yalifululiza. Mwaka 1879, katika enzi ya Sayyid Barghash bin Said, waya wa telegrafu uliopitishwa chini ya bahari uliiunganisha Unguja na Aden, na watu wakaiita habari ile iendayo kwa waya simu, neno la Kiajemi lenye maana ya waya. Tangu hapo neno hilo limetumika kwa sauti iendayo kwa waya, na hatimaye kwa kifaa cha mfukoni kisicho na waya hata kidogo. Mwaka 1896 ilianza kujengwa reli ya kutoka Mombasa, ikafika Ziwa Nyanza mwaka 1901, na wajenzi wake zaidi ya elfu thelathini waliletwa kutoka Bara Hindi. Neno gari, lenye asili ya Kihindi, likaungana na neno letu la moshi, na gari la moshi likawa jina timamu, la kueleweka hata na asiyepata kuliona. Reli, injini na stesheni yalichukuliwa kwa Waingereza yakavishwa irabu za Kiswahili. Hapa palikuwa na desturi tatu katika jina la jambo moja: kukopa, kutafsiri na kuunganisha, na wenye lugha walizitumia zote bila ya wivu.

Rwanda ilikuwa mbali na mambo hayo. Mwami Kigeli wa Nne Rwabugiri, aliyefariki mwaka 1895, alitawala nchi iliyojifunga mbele ya misafara ya wafanya biashara wa pwani, na kwa hiyo Kiswahili hakikuingia humo kwa njia ya biashara ya pembe za ndovu kama kilivyoingia Tabora, Ujiji au Manyema. Kiliingia na utawala wa Kijerumani, kwa vinywa vya askari, wapagazi, makarani na wachuuzi, na hasa baada ya mwaka 1907, Mjerumani Richard Kandt alipoweka makao yake Kigali. Watu hao, wengi wao Waislamu, waliacha nyuma yao mtaa wao na msikiti wao. Mpaka leo Biryogo na Nyamirambo ndizo sehemu za mji ambazo Kiswahili husikika kwa wepesi zaidi.

Pamoja nao yalikuja maneno. Kinyarwanda kilipokea igitabo, ikaramu, isaha, idirishya na umusumari, ambayo msomaji yeyote wa Kiswahili atayatambua pasipo mkalimani. Kilipokea ishuri, lililotoka katika shule, nalo shule lilitoka kwa Wajerumani wenyewe, hata neno la Kijerumani likaja kufika Rwanda kwa mlango wa Kiswahili. Kilipokea umufundi, na akilini mwa Mnyarwanda likamaanisha hasa mwashi ajengaye nyumba. Kilipokea igare, lakini hakikulipa gari la magurudumu manne wala la moshi, kwa kuwa reli haikufika: kiliipa baiskeli, ambayo ndiyo gari lililokuwa likionekana vijijini. Kwa hakika huo ni ushahidi mzuri wa ubora wa akili za watu wa kawaida, kwamba hawakulipokea jina kama kasuku, bali walilipima kwa vitu walivyokuwa navyo.

Wabelgiji walipoishika nchi baada ya mwaka 1916, Kifaransa kilipewa nafasi ya kwanza maofisini na skulini, nacho kikaacha alama zake katika ufundi: msaidizi wa mwashi akaitwa umuyede, kutokana na neno la Kifaransa lenye maana ya msaada. Hata hivyo Kiswahili hakikukoma. Katika miaka ya 1920 migodi ya shaba ya Katanga ilianza kuajiri watu kutoka Ruanda-Urundi, na huko Kiswahili kilikuwa lugha ya kazi, kimejaa maneno ya mashine yaliyotokana na Kifaransa. Ndipo karakana za maziwa makuu zikawa na msamiati ulio tofauti na wa Mombasa au Dar es Salaam, na si duni kwa sababu hiyo.

Njia ya maulamaa ilianza rasmi kwa upande wetu mwaka 1930, ilipoundwa Kamati ya Lugha ya Afrika ya Mashariki, baada ya mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 kuchagua lahaja ya Unguja iwe msingi wa Kiswahili sanifu. Kazi yake ilikuwa kubwa, na kamusi zake za mwaka 1939 zilitufaa sana. Lakini wajumbe wa miaka ya mwanzo walikuwa maofisa na wamisionari wa Kizungu, na fundi hakualikwa. Baada ya uhuru Tanzania iliunda Baraza la Kiswahili la Taifa mwaka 1967, na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ikatoa mwaka 1990 kamusi ya biolojia, fizikia na kemia. Juhudi hizo zilitupa maneno ambayo Whewell mwenyewe angaliyastahi. Hadubini ilitungwa kwa kufuata darubini, na usanisinuru, jina la kazi ya jani kujitengenezea chakula kwa mwanga, limejengwa kwa ufasaha na nuru yetu ya Kiarabu imo ndani yake. Ukimwi, lililofumwa kwa vifupi vya upungufu wa kinga mwilini, lilienea kila kijiji kwa sababu kila kijiji kilikuwa na haja nalo. Lakini tarakilishi bado inashindana na kompyuta, na runinga na televisheni, wala haieleweki vitabuni kwa nini. Jibu liko kwa wauzaji na watengenezaji, ambao walikuwa wamekwisha kuviita vitu hivyo majina kabla ya kamati kuketi.

Hukumu ya historia hii ni dhahiri. Neno zuri la kitabuni hudumu likimfikia mwenye chombo mapema, na neno la karakana hudumu likiandikwa na kuheshimiwa. Rwanda iliyojiunga na Jumuiya ya Afrika ya Mashariki mwaka 2007, na iliyokifanya Kiswahili lugha rasmi miaka kumi baadaye, haina sababu ya kungoja orodha za istilahi zitoke pwani zikiwa tayari, wala Kamisheni ya Kiswahili ya Jumuiya hiyo, iliyo Zanzibar, haina sababu ya kuzitoa bila ya kuisikia Kigali. Waalimu na wanafunzi wa Kiswahili wa Rwanda na waende Gisozi na Gatsata na daftari mkononi, wawaulize mafundi kila kifaa wakiitaje, waandike pamoja la Kiswahili, la Kinyarwanda na la Kifaransa, na wayapeleke waliyoyakusanya mbele ya watunga kamusi kabla wazee wa karakana hawajaondoka na elimu yao.